Somo Aliyefungiwa Kabatini

Kwetu Tanga, zamani, mama hakumwambia bintiye habari za kuvunja ungo. Hiyo ilikuwa kazi ya somo. Mama alimtafuta mwanamke anayemwamini, shoga yake au jirani mwenye kifua, na tangu siku hiyo msichana akawa na mtu mzima mmoja wa kumuuliza yale ambayo mbele ya mama yangemtia haya. Somo alimfunza usafi na kumweleza mwili wake, akamwimbia nyimbo za unyago zenye mafumbo, akamkemea faraghani na kumtetea hadharani. Mengi katika mafunzo yale leo tunayapinga, na tuna haki, hasa yaliyomwandaa mtoto kuolewa kabla hajapevuka. Lakini waliouweka utaratibu ule walijua kwamba anayekua huuliza akiwa peke yake na mtu asiyemcheka, na kwamba swali moja hulirudia mara nyingi.

Neno hilohilo lugha yetu imelipa kazi nyingine. Somo ni kipindi: kina ubao, kengele na mtihani. Nimekuwa nikiyawaza maneno haya mawili tangu nilipoanza kufuatilia miradi ya kuwapelekea watoto na vijana vitabu vya hadithi, zile hadithi za kukua, za kubadilika sauti, za kuonewa na wenzako na kujikuta siku moja umesimama. Miradi karibu yote niliyoiona iliahidi kumletea mtoto somo wa kwanza. Mwishowe ikamletea somo la pili.

Shule moja ya msingi mkoani Tanga, ambayo sitaitaja, ina kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu. Nilipomwamkia akaitikia "marahaba, mwanangu", akatoa funguo mfukoni na kunifungulia. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi, vimepangwa vizuri, vimegongwa mhuri wa shule. Vingine kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka mtamboni. Nikamuuliza watoto huvisoma lini.

"Kipindi cha kusoma, mwalimu akija kuchukua," akasema. "Akimaliza anarudisha, tunahesabu."

"Na nyumbani?"

Akanionyesha daftari la kupokelea mali, na sahihi yake chini ya orodha. "Hivi nimevisainia mimi, mwanangu. Kikipotea kimoja, anayeulizwa ni mimi, si mtoto."

Simlaumu hata kidogo. Ruzuku ya uendeshaji katika shule za msingi Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu vya kiada, na 6,000 ndizo hushuka shuleni. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, dirisha lililovunjika na bawaba ya mlango wa choo. Kitabu kimoja cha hadithi kikipotea, kukinunua upya ni kumlia mtoto mmoja fungu lake la mwaka. Halafu vitabu hivi tumeviita vya ziada, na cha ziada hufikiriwa cha kiada kikishatosha. Hakijatosha. Mtu aliyepewa mali ya thamani, asiyepewa njia ya kuifidia ikiharibika, hufunga kabati. Ningekuwa mimi ningefunga.

Tuanze basi kule mali hiyo ilikotoka, maana ilitoka kwenye nia njema na akili nyingi. Mwaka 1991 vitabu vya watoto kwa Kiswahili vilikuwa vimeadimika nchini. Mashirika ya umma ya uchapishaji yalikuwa yamedhoofika, na wachapishaji binafsi ndio kwanza wanajikongoja. Hapo ndipo ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa busara: mchapishaji atoe nakala 5,000 za hadithi iliyokubaliwa, mradi ununue 3,000 na kuzigawa bure mashuleni na maktaba, zile 2,000 akauze mwenyewe. Mchapishaji aliondolewa hofu ya hasara, mwandishi akapata pa kupeleka mswada, mchoraji akapata kazi. Mradi uliandaa warsha za waandishi, wachoraji na walimu. Bila ya mpango ule, rafu nzima ya hadithi za watoto za Kitanzania isingekuwepo, na anayeubeza hajui tulikotoka.

Piga hesabu lakini. Nakala 3,000, na leo shule za msingi za serikali zimepita 16,000. Hadithi moja ikigawanywa nchi nzima, kila shule tano au sita zingegombea nakala moja. Kwa hiyo mradi ulichagua shule zake, jambo la haki kabisa, na ndani ya shule hizo kila nakala ikawa kama yai. Ndivyo kufuli lilivyozaliwa: kitabu kilikuwa kichache mno kuachiwa mtoto.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa miradi hulipita haraka. Kitabu cha kujifunza kusoma kinaweza kustahimili maisha ya kabatini. Kitoke saa nne, darasa zima lisome kwa sauti moja, kirudi saa tano, na mtoto atakuwa ameongeza silabi kadhaa. Hadithi ya kukua haistahimili. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lililojaa hadi mlangoni, watoto wanne kwa kitabu kimoja, mvulana akasimamishwa asome ukurasa ambapo msichana katika hadithi anaona damu kwenye sare yake kwa mara ya kwanza. Aliusoma vizuri, kwa sauti ya mstarini. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akagonga meza, akauliza swali la ufahamu: msichana alikuwa amevaa nguo ya rangi gani? Mikono ikapaa. Mbele yangu binti mmoja wa miaka kumi na mitatu hivi alikuwa ameinamisha uso hadi paji limegusa dawati, na hakuuinua mpaka kengele.

Mwandishi wa ukurasa ule aliuandikia binti huyo. Aliuandika, nina hakika, ili ausome usiku kwa mwanga wa kibatari au wa simu ya kaka yake, aurudie, ajue kwamba si yeye peke yake. Badala yake ulimfikia kama aibu ya hadharani. Na katika ripoti ya robo mwaka, tukio lile linahesabiwa kuwa mafanikio: vitabu vilifika, kipindi kilifanyika, wanafunzi walishiriki.

Kuna doa jingine, na hili ni letu sisi waandishi. Warshani neno linalorudiwa kuliko yote ni "ujumbe". Hadithi yako ina ujumbe gani? Mfadhili anataka ujumbe wa kujiamini, wizara inataka maadili, mwandishi anataka mswada upite. Matokeo yake tukajaza rafu hadithi ambazo mtoto akikosea anaadhibiwa kufikia ukurasa wa mwisho. Katika nyingi nilizosoma, msichana anayepata mimba hufukuzwa shule, kijiji kikamtolea mfano, hadithi ikaisha. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Sera ikageuka, vitabu vikabaki. Kwa hiyo leo mama wa miaka kumi na saba anarudi dawatini na mtoto amemwacha kwa bibi, anafungua hadithi, anakuta mtu kama yeye maisha yake yalikwisha. Mwandishi gani miongoni mwetu amemwandikia huyu? Nauliza kwa uchungu, maana mimi pia sijamwandikia.

Hadithi za sungura tulizosimuliwa jikoni hazikumwambia mtoto "jiamini". Zilimwonyesha mnyama mdogo akiwazidi akili fisi na simba, akikosea, akikamatwa, akitoka tena. Ken Walibora, Mkenya aliyetutoka mwaka 2020, katika *Siku Njema* alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamsafirisha mpaka Kenya kumtafuta baba, na vijana wa Kenya waliosoma riwaya ile shuleni, leo watu wazima, bado wanalitaja jina la Kongowea kama la mtu waliyesoma naye.

Kwa nini basi tunaandika kwa woga? Kwa sababu woga umefundishwa. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa kusema waziwazi mambo ya mwili, ingawa kiini chake kilikuwa onyo kwa wazazi: Rosa alilelewa kwa viboko na vitisho, na alipopata uhuru wa bweni hakuwa na silaha ya kujilinda nayo. Baadaye ikasomeshwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid* wa Jeff Kinney, kwa hoja ya kulinda maadili. Serikali ina wajibu wa kuangalia watoto wanasoma nini, na katika orodha ile nisingetetea kila kitabu. Ninachosikitikia ni kwamba siku ile hatukuwa na rafu yetu ya kuonyesha: hizi hapa hadithi za Kiswahili za mvulana wa darasa la sita, mwembamba, anayeonewa, anayechekesha, za kuchukua nafasi ya hizo. Tulizuia, mkononi hatuna mbadala.

Kwa vijana wakubwa zaidi tulijaribu njia nyingine. Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada William Burt na kusimamiwa na CODE, ililipa waandishi vizuri na kununua maelfu ya nakala kwa ajili ya shule. Hapa nchini vitabu vyake vilitakiwa viwe kwa Kiingereza, ili kumsaidia mtoto anayetoka msingi kwa Kiswahili kuvuka kwenda sekondari kwa Kiingereza. Hoja ninaielewa. Lakini umri ule, kumi na mbili mpaka kumi na tano, ndio umri wa maswali mazito kuliko yote, na sisi tukamletea somo anayezungumza lugha ambayo binti bado anaitafuta kwenye kamusi. Atajifunza maneno. Siri yake hatampa.

Mradi ulionifundisha kuliko yote haukupita kabisa mlango wa shule. Mwaka 2010 Nairobi walianza kutoa *Shujaaz*, katuni kwa Sheng, kisa cha Boyie, kijana aliyemaliza shule hana kazi, anayerusha redio ya kificho kutoka chumbani kwake. Ilisambazwa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Hakuna aliyesainia. Hakuna aliyedaiwa. Kijana aliichukua, akaikunja mfukoni, akampa rafiki. Unaweza kubishana kuhusu Sheng hadi kesho, mimi mwenyewe nina yangu ya kusema, lakini karatasi ile ilikuwa yake.

Narudi shule ile ya kabati. Mwalimu mmoja wa kike, mgeni kazini, alikuwa amemruhusu mwanafunzi wa darasa la sita kwenda na kitabu nyumbani siku ya Ijumaa. Hakikurudi Jumatatu, wala muhula uliofuata. Daftarini kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: kimepotea. Mwalimu yule alikilipia kutoka mshahara wake na hakuazimisha tena.

Nilikiona. Kilikuwa nyumba ya tatu kutoka shuleni, kwa bibi mmoja anayeuza maandazi. Jalada limetoka, mgongo umeshonwa kwa uzi, na ndani kwa penseli mna majina saba ya wasichana, kila mmoja kwa mwandiko wake. Ni hadithi ya binti anayerefuka haraka kuliko wenzake mpaka anaona haya kusimama mstarini. Mjukuu wa bibi alinisimulia yote pale barazani, akiigiza sauti ya kila mhusika, na neno kujiamini hakulitaja hata mara moja. Nikamuuliza mbona hawakirudishi. "Kimechanika, shangazi. Tutachapwa."

Sasa kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na baadaye ikaongezwa kundi la hadithi za watoto. Mshindi hupata fedha, na serikali huchapa kitabu chake na kukipeleka mashuleni. Nimefurahi sana kuona hadithi za watoto zimeingia, tena kwa Kiswahili. Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye tuzo hiyo, na kwa shirika lolote litakaloandika mradi mwingine. Katika bajeti wekeni kifungu cha vitabu vitakavyopotea na kuchanika, wazi, kwa jina lake. Muulizeni mwalimu si vingapi amepokea bali vingapi vimechakaa. Na kila boksi liende na barua yenye mhuri, inayosema mwalimu mkuu hatadaiwa, mwalimu wa darasa hatakatwa, na mtoto hatachapwa, kitabu kikirudi bila jalada au kisiporudi kabisa. Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja. Iandikeni kabla ya kupakia maboksi.