Tuzo za Wanafizikia
Mkaazi wa Kizota hana haja ya kusafiri mbali ili kuwashuhudia vijana wakituzwa kwa ilimu yao, kwani Dodoma imekwisha kuwa mwenyeji wa Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoasisiwa mwaka 2019. Ni jambo la fahari. Lakini mwalimu wa fizikia naye astahiki taadhima, kama Peter Tabichi wa Njoro, Kenya, aliyetunukiwa mwaka huohuo dola milioni 1 huko Dubai. Maana mwalimu aweza kuizima au kuikuza hamu ya mwanafunzi: mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, alipoona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa na kuuliza sababu, mwalimu wake alimkejeli. Hata mwaka 1969, kwa hisani ya mwanafizikia Dakta Denis Osborne aliyekubali kulijaribu, swali lile likachapishwa, likasomwa ulimwenguni.