Kila mutu na mwendo wake: kwa miguu mpaka Kipushi

Wasomaji wetu, wengi kati yenu munatembea kila siku: kutoka kampu mpaka ku kazi, kutoka nyumba mpaka ku shamba. Lakini kutembea siku nzima ni kazi ingine. Mu mwezi wa 7, wakati wa baridi na vumbi, tulifuata kikundi cha wafanyakazi wa mugodi, pamoja na wake zao na watoto wakubwa. Walitoka Lubumbashi kwa miguu mpaka Kipushi, karibu kilomita 30.

Tuliondoka saa 5 ya asubuhi, giza ingali. Vijana walianza mbio, wanacheka, wanaacha wengine nyuma. Nyuma kabisa alikuwa muzee mumoja aliyefanya kazi chini ya udongo kule Kipushi mpaka 1993, mwaka ule mugodi ulisimama. Fimbo mu mukono, bidoni ndogo ya maji ku bega. Wamama walipotaka kuharakisha, yeye alisema tu:

— Bana, muache bende. Tutabakuta mu njia.

Na kweli tuliwakuta. Mbele ya kilomita ya 10, watatu walikuwa wamekaa chini ya muti, viatu wametosha, vidole vimechubuka.

Tulimuuliza muzee siri yake. Akasema hakuna siri, kuna pumzi. Nusu saa ya kwanza anatembea polepole kuliko vile miguu inataka, mpaka mwili upate moto. Kisha anaongea na mwenzake. Kama anaweza kumaliza maneno yake bila kuvuta hewa katikati, mwendo ni muzuri. Kama maneno inakatika, anapunguza. Kama anaweza hata kuimba wimbo muzima, anaweza kuongeza kidogo. Ku mulima anafupisha hatua, lakini hasimami. Maji anakunywa kidogo kidogo, hangoji kiu. Kila saa moja, dakika 10 ya kupumzika, basi.

Hesabu yake inafika. Mutu muzima anatembea kilomita 4 ao 5 kwa saa ku njia ya sawasawa. Kwa kilomita 4, hizi 30 zinakula saa saba na nusu; ukiongeza mapumziko, ni karibu saa nane na nusu. Mwenye kukimbia asubuhi anafikiri atapata saa moja, kumbe ataipoteza chini ya muti. Watu wa makala, wanaosukuma kinga zenye mizigo ku barabara ile, wanajua neno hili kuliko sisi: hakuna anayesukuma kwa mwendo wa mwenzake.

Lakini kuna jambo lilitufanya tuandike leo. Karibu kilomita ya 12, mwanaume mumoja wa miaka 41, mutobozi wa mawe, mwenye mabega makubwa, alisimama. Hakuwa amekimbia na vijana. Alikuwa nasi, mu mwendo wa muzee, na maneno yake ilikuwa inakatika tangu zamani. Alikohoa sana, mukono ku kifua. Bibi yake akamushika:

— Uko na nini? Juu ya nini haukuniambiaka?

Alinyamaza kwanza. Halafu akasema ni miezi sita sasa.

— Kama nasema ku kazi asema pumzi inapunguka, batanitosha. Batoto batakula nini?

Hakuna mutu aliyemucheka. Muzee alikaa pembeni yake, akamupa maji, akamwambia kwamba yeye pia alifichaka kikohozi zamani, na kwamba baadhi ya wenzake waliofichaka hawako tena.

Tuseme wazi. Vumbi ya mawe, ile nyembamba isiyoonekana na macho, inaingia mu mapafu na kubakia. Kidonda inachofanya hakiponi, na kinaweza kuzidi hata kama mutu ameacha kazi ya vumbi. Tena mutu mwenye vumbi mu mapafu anashikwa na kifua kikuu mbio kuliko wengine, na kifua kikuu kinatibiwa kama kimejulikana mapema. Kumwanga maji wakati wa kutoboa na kuvaa kinga-pua nzuri si mambo ya kuogopa. Kuwa na pumzi fupi si haya.

Kwa hiyo, baba, siku ya kupumzika tembea na bibi yako saa moja ku njia ya sawasawa, mukiongea. Usimufuate jirani, usishindane na kijana wako. Tafuta mwendo wako, uukumbuke. Kama baada ya miezi mwendo ule ule unakukata maneno, piga radio ya kifua. Na kama kifua kinauma ao kichwa kinazunguka mu njia, simama palepale, kaa, itisha musaada.

Siku ile kikundi kizima kilipunguza mwendo. Mutobozi alipandishwa ku motokari iliyopita, bibi yake pamoja naye. Wengine tulifika Kipushi saa 14 na dakika, muzee akiwa bado wa nyuma, akiongea. Tulikula bukari, tukakunywa munkoyo, viatu pembeni.

Siku ya kazi iliyofuata, mutobozi alienda kupiga radio. Bibi yake alimusindikiza mpaka ku mulango, kwa miguu, polepole. Majibu ni yao wawili. Sisi hatutayaandika hapa.