KANISA LA EMMANUEL LA FRERE TOWN: MATEKA WALIVYOPATA UNGWANA

Mkazi wa Lucky Summer ashukaye mjini Nairobi, kisha akaifuata barabara ya Jogoo kuelekea mashariki, hufika kwenye mtaa uitwao Mbotela. Jina hilo hutajwa kila siku na makondakta wa matatu, wala si wengi waulizao limetoka wapi. Mtaa ulipewa jina la Bwana Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, na ambaye aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba, 1952, mwezi mmoja tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Lakini asili ya ukoo wa Mbotela haiko Nairobi. Iko pwani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika kijiji kilichojengwa na watu waliotolewa utumwani, ambacho moyo wake ulikuwa kanisa la Kianglikana liitwalo Emmanuel.

Kanisa hilo si kubwa, wala halina fahari ya makanisa makuu. Hata hivyo ni vigumu kupata jengo jingine katika Kenya ambalo limeona watu waliopoteza kila kitu, jamaa, lugha na nchi, wakigeuka kuwa watu wenye jina lao.

Kaburi lililotangulia

Kabla ya kanisa palikuwa kaburi. Mwezi wa Mei, 1844, Dokta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misioni cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Haukupita muda homa ikawashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na mwezi wa Julai mama na mtoto wakafariki dunia. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf alipopona akashika njia ya Rabai, na mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akamfuata. Kwa miaka thelathini hivi mahali pale penye kaburi pakakaa bila misioni.

Mateka wa baharini

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imeshamiri. Majahazi yalipakia watu katika bandari za kusini, wengi wao Wayao, Wamakua na watu wa nchi za Ziwa Nyasa, na kuwapeleka Unguja, Pemba, Arabuni na Ghuba. Manowari za Kiingereza ziliyawinda majahazi hayo, na kila lilipokamatwa moja, swali lilikuwa lile lile: watu hawa wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, na njiani walinyemelewa na wale wale waliowauza. Kwa hiyo wengi walipelekwa Bara Hindi, na baadhi ya watoto wakalelewa katika kituo cha misioni karibu na mji wa Nasik, ambako walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi. Kiongozi wa kituo hicho alikuwa Kasisi William Salter Price.

Mwaka 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini, na mwezi wa Juni, 1873, mapatano yakatiwa sahihi. Sasa ilihitajika nchi ya Afrika ya kuwapokea waliokombolewa. Mwezi wa Novemba, 1874, Price akafika Mombasa, na mwaka uliofuata kijiji kikaanza katika ardhi iliyonunuliwa kule bara, si mbali na kaburi la Rosine Krapf. Kikaitwa Frere Town.

Wenyeji wa pwani waliwaita wageni hao mateka. Neno hilo lilieleza yaliyowapata, lakini halikueleza wao ni nani. Myao hakusikilizana na Mmakua, wala hakuna aliyekuwa na mjomba wa kumposea mke, au mzee wa ukoo wa kuamua shauri lake. Kiswahili kikawa lugha ya wote, shuleni, kazini na katika sala. Kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika miaka ya 1880, likashika nafasi ya ukoo. Hapo ndipo walipofunga ndoa, walipobatiza watoto wao, na walipowalilia wafu wao.

Nje ya kanisa ikasimamishwa kengele. Ililia kuwaita watu kwenye ibada, na husimuliwa kwamba ililia pia kuonya kuwa wakamata watumwa wanakaribia. Onyo hilo halikuwa la bure, kwa maana wenye watumwa wa Mombasa walikichukia kijiji hicho, ambacho watumwa wao walikitazama kama mlango wa kutorokea. Mnara wa kengele ungali umesimama hata leo kando ya barabara, na mahali pote panapouzunguka huitwa Kengeleni.

Uhuru wenye fimbo

Ingekuwa si haki kusimulia mema tu. Waliotoka katika mikono ya wafanya biashara hawakuwa huru mara moja kama walivyotumaini. Misioni ilipanga saa zao za kazi, ikawagawia mashamba na kuwahukumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 adhabu za viboko zilizidi mno chini ya msimamizi mmoja wa Kizungu, hata mambo yakachunguzwa na msimamizi huyo akaondolewa. Mtu aliyechapwa na bwana wake jana, akachapwa na mfadhili wake leo, ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi.

Jibu lilitolewa na wenyewe waliokombolewa. Kati ya waliorudi kutoka Nasik walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao walifika Rabai mwaka 1864, kabla Frere Town haijazaliwa. Wote wawili walikuwa wametekwa utotoni. Siku ya tarehe 31 Mei, 1885, Askofu James Hannington aliwawekea mikono kule Frere Town wakawa mashemasi. Watu waliopata kuhesabiwa kama bidhaa sasa walisimama mbele ya madhabahu wakiwa wachungaji wa wenzao.

Miezi miwili baadaye Jones aliandamana na Hannington katika safari ya Uganda. Karibu na nchi ya Busoga, Askofu alitangulia na wapagazi wachache, akamwacha Jones na wengi waliosalia. Hannington akauawa tarehe 29 Oktoba, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones ndiye aliyewarejesha pwani wapagazi waliobaki, kwa mwendo wa mamia ya maili, akafika Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Msafara wake ulichukua bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka.

Kule Rabai, Jones na Wakristo wenzake walikuwa wamewapokea watoro wengi, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, hata wenye watumwa wakaja juu. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alipopatana nao walipwe fidia, na siku ya kwanza ya Januari, 1889, watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Sheria yenyewe iliyotambua utumwa katika pwani haikufutwa mpaka mwaka 1907.

Mbegu zilizotawanyika

Manowari zilipoacha kuleta mateka, Frere Town ilipungua umashuhuri wake. Mwaka 1905 kanisa kuu la ukumbusho wa Hannington na wenzake lilifunguliwa kisiwani Mombasa, na Emmanuel likabaki kuwa kanisa la mtaa. Chuo cha kufundisha makasisi kilichoanzia Frere Town kilihamishwa Limuru mwaka 1930, na baada ya miaka mingi kikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Watoto wa kijiji, kwa kuwa walisoma mapema, walisambaa wakawa makarani, walimu na wakalimani.

Mmoja wa watoto hao, James Juma Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, akasimulia jinsi wazee wake walivyotekwa na kukombolewa. Kizazi kilichofuata kikamtoa Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki mwezi wa Februari, 2025. Huyu alijulikana nchi nzima kwa kipindi chake cha redio kilichoanza katika miaka ya 1960, ambacho kila mara kiliuliza: Je, huu ni ungwana?

Wasikilizaji wengi walielewa kwamba ungwana ni adabu njema, nao hawakukosea. Lakini katika Kiswahili cha kale cha pwani, mwungwana ni mtu huru, aliyezaliwa na wazazi huru, kinyume cha mtumwa. Mateka hakuweza kuitwa mwungwana hata akipata hati ya uhuru, kwa kuwa hati haikumpa ukoo. Jina hilo wazee wa Frere Town hawakupewa na manowari, wala na misioni, wala na kampuni. Walilipata kwa kuzikana, kuozana, kusomeshana na kusimama pamoja chini ya paa moja la kanisa, hata mjukuu wa mateka akawa ndiye anayewauliza Wakenya wote kama mwenendo wao ni wa kiungwana.