Kurekebisha Shabaha ya Kifaa cha Joto Kwenye Bunduki

Kifaa cha joto kinachobanwa mbele ya darubini ya bunduki hakina msalaba wa kulengea. Hupokea joto la kiumbe, hulichora kwenye skrini ndogo, kisha darubini iliyo nyuma yake huitazama picha hiyo kana kwamba inatoka mbali. Kioo cha kawaida huzuia miale ya joto, hivyo lenzi ya mbele aghalabu hutengenezwa kwa jemaniamu, madini ghali yanayoipitisha.

Kwa kuwa inayolenga ni darubini, ndiyo inayorekebishwa kwanza: mchana, bila kifaa, aghalabu kwa umbali wa mita 100, mpaka risasi zitue pale msalaba unapoelekezwa. Baada ya hapo haiguswi tena. Kifaa kikishabanwa, risasi nyingine hupigwa. Zikihama, picha imekaa upande. Kosa la dakika moja ya pembe ni takriban sentimita 3 kwa mita 100, na sentimita 9 kwa mita 300. Tiba yake ni kuisogeza picha ndani ya kifaa chenyewe. Anayezungusha virekebishi vya darubini ameharibu shabaha yake ya mchana. Kisha kifaa hufunguliwa, hubanwa upya na kujaribiwa tena, kwa sababu kibano kilicholegea hufuta kazi yote.

Karatasi ya shabaha huwatatiza wengi: wino na karatasi vina joto moja, kwa hiyo duara halionekani. Kipande cha foili ya alumini au chupa ya maji moto hutosha. Huko Tandala na katika wilaya nzima ya Makete, Tanzania, usiku wa baridi humtenga mnyama vizuri na ardhi, ila ukungu wa nyanda hizo za juu hufifisha picha. Ukuzaji wa darubini nao uwe mdogo, maana ukizidishwa hubaki vijisanduku vya skrini tu.

Matumizi yake ni suala jingine. Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu uwindaji wa usiku bila idhini, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, sehemu yake iko Makete. Afrika Mashariki teknolojia hii imewasaidia walinzi pia: mwaka 2016, katika Maasai Mara nchini Kenya, shirika la uhifadhi la WWF na kampuni ya FLIR walifunga kamera ya joto kwenye gari la doria, na majangili waliojificha gizani wakakamatwa.