RAID ya kadi au ya programu: Ipi inafaa ofisi ndogo?

DISKI ya kompyuta inaweza kufa siku yoyote bila kuonyesha dalili. Kwa zahanati, shule au duka la jumla la Kiseke, jijini Mwanza, linalotunza hesabu zake zote ndani ya kompyuta moja, hiyo ni hasara kubwa.

Kinga mojawapo ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, utaratibu ujulikanao kama RAID. Jina hilo lilitolewa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko lao la mwaka 1988. Katika RAID 1, diski mbili huandikwa taarifa zile zile. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi.

Swali ni nani azisimamie diski hizo. Njia ya kwanza ni kadi maalumu inayochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi za bei kubwa huwa na betri au kinga nyingine inayolinda taarifa ambazo hazijafika kwenye diski umeme unapokatika. Njia ya pili ni kuiachia kazi hiyo programu ya mfumo endeshi, kama mdadm ya Linux, ambayo hailipiwi.

Wapo wanaodhani kadi ni salama zaidi kwa kuwa ni ghali. Lakini kadi nayo huharibika. Hilo likitokea, mara nyingi diski ambazo ni nzima hazisomeki mpaka ipatikane kadi nyingine ya jamii ile ile, na kuiagiza Dar es Salaam au ng'ambo huweza kusimamisha kazi kwa siku nyingi. Diski zilizounganishwa kwa mdadm huweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine yenye Linux na kusomeka.

Kwa hiyo, ofisi yenye diski mbili hadi nne yafaa ianze na programu, na fedha ya kadi inunue UPS nzuri. Kadi inafaa zaidi seva yenye kazi nyingi, mradi kadi ya akiba iwepo kabatini.

Hata hivyo, RAID si mbadala wa nakala ya akiba. Faili ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote; mwizi naye huondoka nazo zote kwa pamoja. Nakala itunzwe nje ya jengo.