Vishikwambi vya Tanga na Darasa la Kwanza

Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walikabidhiwa vishikwambi vyenye programu za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu, wakaachiwa wajifunze pasi na mwalimu kusimama mbele yao. Na maadamu shule zetu nyingi zina shauku ya kuviingiza vyombo hivyo darasani, ni aula tuyatazame kwanza yaliyotukia huko, kwa kuwa yalitendeka nchini mwetu na kwa lugha yetu.

Yalikuwa mashindano, Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014 kwa tuzo ya jumla ya dola milioni 15. Watoto walipopimwa mwanzoni, karibu robo tatu walisema hawakupata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya hao wasioweza ikapungua kwa nusu. Mei 2019, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya kampuni ya Enuma zikatangazwa kuwa washindi sawia.

Siri ya vishikwambi hivyo, kwa fahamu yangu, haimo katika kioo kinachong'aa. Mtoto husikia sauti ikitamka silabi, akaifuatisha herufi kwa kidole, na akikosea sauti ile ile humrudia bila ya hamaki, hata mara kumi. Naye hasogezwi mbele mpaka ameweza. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hata leo, katika vyuo vya Kurani vya pwani, ambako watoto hukaa mkekani pamoja, ilhali kila mmoja ana somo lake juzuuni, huyu amefika mbali na jirani yake angali katika alifu na bee. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 100 chumbani, hata awe na subira ya namna gani, hana wasaa wa kumsikiliza kila mmoja hivyo.

Lakini nusu ile iliyobaki bila kusoma isisahauliwe, kwani ndiyo inayotuonya tusidhani kwamba mwalimu amepata mbadala. Huko Malawi vishikwambi viliwekwa ndani ya shule yenyewe, na uchunguzi wa Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kuwa baada ya wiki 8 wanafunzi waliotumia programu za hesabu kwa Chichewa waliwapita hata wenzao waliopewa vishikwambi vile vile vyenye mambo mengine yasiyokuwa hesabu. Kwa hiyo mkuu wa shule anayeletewa shehena ya vyombo hivi na aulize, kabla ya kutia saini, vimebeba somo gani na kwa lugha ipi. Kisha aulize ni nani atakayevitia umeme na kuvifungia kabatini, na ni mwalimu yupi atakayekaa na watoto zamu yao inapokwisha, awasikilize wakisoma kwa sauti. Programu za Tanga ziliachwa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili yeyote azichukue bila malipo na kuzirekebisha, nami ningefurahi mno kuona walimu wetu wakizitungia hadithi za huku kwetu.