Si wingi wa watu unaoharibu mtaa

Kila panapotajwa mpango wa kujenga majumba ya orofa ya bei nafuu karibu na mtaa wa watu wenye nyumba zao, hapa Nairobi huzuka mabishano ambayo mkondo wake sasa unajulikana na kila mtu. Wenye nyumba huitisha mkutano, huandika malalamiko, hukusanya saini, na wakijaliwa uwezo humwajiri wakili. Upande wa pili husimama mwanasiasa akiwaambia kuwa wao ni wachoyo wasiotaka kuishi na maskini. Baada ya miezi kadhaa majumba huinuka, au hayainuki, na hakuna upande uliojifunza lolote kutoka kwa mwenzake. Nimeyafuatilia mabishano hayo kwa muda, na nadhani imefika wakati wa kusema wazi kwamba pande zote mbili zinagombania jambo ambalo silo lenyewe.

Tuanze na wale wanaopinga, kwa sababu ni desturi kuwadharau kabla ya kuwasikiliza. Katika mkutano mmoja wa aina hiyo, upande wa mashariki mwa jiji, alisimama mama mmoja mwalimu mstaafu. Alieleza kwamba nyumba yake aliilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi, kutoka katika mshahara ambao sote tunaujua ulivyo. Tangu majumba ya orofa yalipoinuka nyuma ya ua wake, nguo zake hazikauki kwa kukosa jua, maji ya bomba huja siku mbili kwa juma, na mvua ikinyesha maji taka hufurika hadi jikoni. "Mimi siwachukii watu hao," alisema. "Ninachokichukia ni choo chao kufungukia kwangu."

Maneno hayo hayawezi kuitwa uchoyo. Lakini katika mkutano huohuo alisimama pia kijana mmoja mpangaji wa chumba, mfanyakazi wa Industrial Area, akauliza swali ambalo halikujibiwa. Alisema, "Mwalimu, shikamoo yako. Mnapenda tuwalindie malango, tuwauzie mboga na kuwajengea kuta. Ikifika jioni mnataka twende wapi?" Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja alijua kwamba akisukumwa mpaka Kamulu au Joska, nauli ya matatu itammaliza kabla hajanunua unga.

Basi hapa tuna haki mbili zinazokabiliana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja, nyumba na usafi. Waliotunga Katiba hawakumpa kijana haki ya nyumba halafu wakampa mwalimu haki ya usafi, kana kwamba mmoja akipata chake sharti mwingine apoteze. Wote wawili walipewa zote mbili. Swali la haki ni nani aliyewagombanisha.

Ili kulijibu hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mji huu ulizaliwa ukiwa umegawanywa. Wazungu walipewa magharibi na kaskazini, kwenye mashamba mapana yenye miti. Wahindi waliwekwa Parklands na Ngara. Mwafrika akapelekwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ambako alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao. Uhuru ulipokuja, watu walikuja na wakakaa. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu wakazi 509,286. Ile ya mwaka 1989 ilihesabu 1,324,570. Ya mwaka 2019 ilihesabu 4,397,073. Hesabu hiyo imeongezeka zaidi ya mara nane katika miaka 50, lakini mipaka ya kati ya mitaa ya wenye nafasi na mitaa ya wasio nayo haikusogea kwa kiasi hicho. Mzigo wa ongezeko hilo ulibebwa zaidi na upande uleule wa mashariki, pamoja na mitaa ya mabanda.

Serikali haikulala usingizi kabisa. Mwaka 1975 ilitia saini mkataba na Benki ya Dunia, na mradi wa Dandora ukaanza. Wazo lake lilikuwa la busara, na hata leo nalisifu. Badala ya kumjengea mwananchi nyumba nzima asiyoweza kuilipia, alipewa ploti yenye bomba la maji, choo na mtaro wa maji taka, kisha akaachiwa ajenge vyumba kadiri ya uwezo wake. Ploti zilikuwa 6,000. Mtaro ulitangulia, ukuta ukafuata. Ukifika Dandora leo utaona majumba ya orofa mahali palipokusudiwa vyumba vya chini, kwa sababu wengi waligundua kwamba kupangisha kuna faida kuliko kuishi. Mambo hayohayo yalitokea Umoja, hasa sehemu iitwayo Innercore. Mitaro iliyochimbwa kwa ajili ya familia moja au mbili ikapewa kazi ya kuhudumia familia 30 au 40.

Mahali pengine hata mtaro huo wa kwanza haukuwapo. Nenda Pipeline, kule Embakasi, ukasimame kati ya majengo mawili yenye orofa saba au nane. Utaweza karibu kuyagusa yote mawili kwa mikono yako. Ndani kuna vyumba vya futi kumi kwa kumi, ukumbi wa giza katikati, taa inayowaka mchana, na vyoo vya kushirikiana mwishoni mwa ukumbi. Maji yanapandishwa kwa mitungi, na wanaoyapandisha ni akina mama na watoto. Majengo hayo hayakujengwa na serikali wala na shirika la misaada. Yamejengwa na watu binafsi, kwa fedha zao, machoni pa maafisa waliolipwa mshahara ili wayakague.

Kutokagua huko kuna bei yake. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma, kando ya mto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Jengo lile lilikuwa limekwisha tiwa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji waliendelea kulipa kodi humo. Nasema jambo hili kwa wale wanaodai kwamba sheria za ujenzi ni anasa inayowaongezea maskini gharama. Waliolala Huruma usiku ule walikuwa maskini, na walilipa gharama kubwa kuliko zote.

Wengi wakisikia habari kama hizo husema: basi, tukataze majumba ya orofa, kila mtu awe na uwanja wake. Hapo ndipo ninapoachana nao. Mtafiti Marie Huchzermeyer alichapisha mwaka 2011 kitabu kiitwacho Tenement Cities, akiulinganisha mji wetu na Berlin ya karne ya 19. Huko Berlin wafanyakazi walirundikwa katika majumba marefu yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Kanuni za ujenzi za mwaka 1853 ziliwataka wenye majumba waache ua wa mita 5.34 tu kila upande, kipimo kilichotosha kugeuza gari la kuzimia moto, na wengi hawakuacha hata inchi moja zaidi. Watu waliugua na kufa humo. Lakini mengi ya majumba hayo bado yamesimama, na leo watu wenye kazi nzuri hugombania kupanga humo. Kilichobadilika ni kwamba mabomba na vyoo viliingizwa ndani, baadhi ya majengo ya nyuma yakaondolewa ili jua lipite, na idadi ya watu katika kila chumba ikapungua. Kuta ni zilezile. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hauharibu mtaa. Watu wengi waliokaa karibu karibu huweza kuhudumiwa na bomba moja fupi, barabara moja, shule moja na zahanati moja, kwa gharama ndogo kuliko watu haohao wakitawanywa kwenye nusu ekari nusu ekari hadi Machakos. Kinachouharibu mtaa ni kuongeza watu bila kuongeza kinachowahudumia. Bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo kubwa la maji ya jiji hili, lilikamilika mwaka 1994, na tangu hapo wakazi wameongezeka zaidi ya mara mbili. Ni miujiza gani tuliyotarajia? Mwalimu mstaafu anapokosa maji, mwenye kulaumiwa si kijana wa orofa ya tano, ambaye naye hana. Wa kulaumiwa ni yule aliyetia sahihi ramani ya jengo bila kuuliza maji yatatoka wapi.

Tangu mwaka 2024 suala hili limekuwa la kila mfanyakazi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka huo inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri naye anatoa kiasi hichohicho. Sheria hiyo inawapanga walengwa kwa mapato: wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, wanaopata kati ya 20,000 na 149,000, na waliozidi hapo. Sipingi kukatwa, iwapo nyumba zitawafikia waliokusudiwa. Lakini nina wasiwasi juu ya kundi lile la kwanza. Tumekwisha kuona katika miradi iliyotangulia jinsi nyumba iliyojengwa kwa jina la maskini inavyoishia mikononi mwa mtu mwenye gari, na maskini akahamia kibanda kingine mbele kidogo.

Mukuru inatupa funzo la pande zote mbili. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ililitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu, na wakazi wenyewe, wakiwamo wa chama cha Muungano wa Wanavijiji, wakakaa na wataalamu kujadili njia, maji na vyoo vipite wapi. Ilibainika kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wa kitajiri. Mabomba na barabara zikaanza kufika. Kisha mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mwezi wa Mei 2025, Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kati ya zaidi ya 13,000 zilizopangwa kujengwa Mukuru. Nafurahi kuziona. Nitafurahi zaidi nikisikia baada ya miaka mitano kwamba waliokabidhiwa ndio wangali wanakaa humo.

Sasa wenye nyumba na wapangaji wafanye nini? Kwanza, waache kuitisha mikutano miwili. Anayelalamikia mtaro uliofurika na anayelalamikia choo kinachotumiwa na watu 40 wanalalamika juu ya bomba moja. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamruhusu mwananchi kuipinga ramani ya jengo, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Haki hizo zitumiwe kudai masharti yanayotimizika, wala zisitumiwe kuwafukuza watu.

Pili, masharti yenyewe yasiwe ya kubahatisha. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mwenye mradi aonyeshe mtaro wenye nafasi ya kupokea maji taka ya watu watakaokaa humo, maji yanayotosha kuwafikia hadi orofa ya juu, nafasi ya jua na hewa kati ya jengo na jengo, ngazi ya pili ya kukimbilia wakati wa moto, na kiwanja ambapo mtoto ataweza kupiga mpira. Akishindwa kuonyesha, asijenge. Akionyesha, jirani hana sababu tena ya kumzuia, isipokuwa ile asiyopenda kuitamka mbele ya watu.

Tatu, mitaa ya magharibi nayo ibebe sehemu yake. Haifai majumba ya matajiri yaruhusiwe kupanda orofa 15 au 20 Kilimani na Kileleshwa, halafu ya wafanyakazi yakitajwa huko yaitwe uharibifu wa mazingira. Anayepika na kufua Lavington ana haki ya kulala mahali anapoweza kufika kwa miguu.

Wale wanaosema kwamba masharti haya yatachelewesha ujenzi wanasema kweli. Yatauchelewesha. Lakini jengo la orofa hudumu miaka 50 au 100, na mtaro uliosahaulika hauchimbiki kwa urahisi chini ya nyumba zilizokwisha jaa watu. Dandora ilianza na mtaro, na kosa lililofuata ni kuuacha mtaro huo nyuma wakati orofa zilipokuwa zikipanda. Atakayeletewa ramani ya mradi mpya mtaani kwake mwaka huu aitazame picha ya jengo ikiwa apenda, lakini kwanza aulize ukurasa wa maji taka uko wapi.